Ewart Grogan: Mpita njia wa Ujiji aliyeleta trauti Kenya

Sokoni Kasulu samaki ni mgebuka au dagaa aliyepanda gari kutoka Kigoma, na ukitoka hapo ukafika Kagerankanda utapata shida kumweleza mtu kwamba kuna wanaovua samaki kisha wakamrudisha majini. Lakini wapo. Wanakata leseni, wanasimama ukingoni na fimbo na chambo bandia, wanamvuta samaki, wanamtazama, wanamwachia. Kule Watamu na Malindi, wavuvi wa mchezo humchomeka sulisuli kialama chenye namba kabla ya kumwachia, ili atakayemnasa tena atoe taarifa ya mahali alipofika.

Kwenye mito ya nyanda za juu za Kenya mchezo huu una mwanzo unaojulikana, na mwanzilishi wake aliwahi kupita hapa kwetu Kigoma.

Ewart Scott Grogan alizaliwa London mwaka 1874. Alipigana katika vita dhidi ya Wamatabele mwaka 1896, kisha akaenda New Zealand, akampenda binti aitwaye Gertrude Watt. Baba wa kambo wa binti huyo hakumwona kijana huyu kuwa mtu wa maana. Grogan akaamua kujithibitisha kwa kuivuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini. Mwaka 1898 alianza safari kutoka Beira pamoja na Arthur Sharp, mjomba wa Gertrude. Walipita Ziwa Nyasa na Tanganyika, wakafika Ujiji iliyokuwa chini ya Wajerumani, kisha wakaelekea kaskazini hadi bonde la Ruzizi na Ziwa Kivu, wakiviacha vilima vya Buha upande wa mashariki. Sharp hakufika mwisho wa safari. Grogan aliingia Cairo mwaka 1900, na mwaka huohuo akamwoa Gertrude. Vitabu humtaja kuwa mtu wa kwanza kukamilisha safari hiyo. Wapagazi waliomchukulia mizigo hawakupata sifa hiyo.

Mwaka 1904 alihamia Kenya. Mito inayoshuka kutoka milima ya Aberdare, ambayo Wakikuyu huiita Nyandarua, ilikuwa na maji ya baridi, safi, yanayokwenda kasi, lakini karibu haikuwa na samaki kule juu. Kwa Mwingereza aliyezoea kurusha ndoana yenye nzi bandia, hilo lilikuwa pengo. Mwaka 1905 Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti. Mayai hayo hufa yakipata joto, kwa hiyo yalipaswa kubaki baridi tangu melini, kwenye reli kutoka Mombasa, hadi milimani ambako hapakuwa na reli wala barabara. Trauti waliwekwa mto Gura, wakaishi, wakazaana, na baadaye wakapelekwa mito mingine.

Waliokuwa na mito hiyo walikuwa Wakikuyu, ambao kwa mila yao hawakuwa walaji wa samaki. Basi samaki hawa hawakuletwa kwa ajili ya chungu cha mtu yeyote wa pale. Baadaye sheria za kikoloni ziliweka leseni na masharti ya kuvua, na kijana wa ukingoni mwa mto akitia ndoana yake bila karatasi akahesabiwa mwizi wa samaki.

Miaka miwili baada ya trauti, Machi 1907, Grogan aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu waliokuwa wavuta rikisho, mbele ya mahakama ya Nairobi, kwa madai kwamba waliwakosea heshima wanawake wa kizungu. Hawakuwa wamehukumiwa na yeyote. Alifungwa mwezi mmoja, na jina lake kati ya walowezi likazidi kupanda. Mtu anayeandika habari za Grogan mvuvi na kuiruka siku hiyo anaandika nusu ya mtu.

Alitajirika kwa ardhi na biashara, akajenga hoteli ya Torr's jijini Nairobi na jumba juu ya kilima huko Taveta, kwenye mashamba yake ya mkonge. Gertrude alifariki mwaka 1943. Kwa kumbukumbu yake, Grogan alitoa eneo la Muthaiga ambako hospitali ya watoto ya Gertrude's Garden ilianzishwa mwaka 1947. Ipo mpaka leo, na watoto wa rangi zote wanatibiwa pale.

Alifariki Cape Town mwaka 1967, akiwa na miaka 92, Kenya ikiwa tayari huru. Serikali iliyofuata haikuwatoa trauti. Kiganjo, karibu na Nyeri, kuna kituo cha kuzalisha vifaranga vyao, na siku hizi wako Wakikuyu wanaowafuga kwenye mabwawa na kuwauza hotelini. Mto Gura nao bado una wazao wa yale mayai ya Loch Leven, na anayetaka kuwavua kwa nzi bandia bado anatakiwa kuwa na leseni.