George Washington Carver, Tabibu wa Udongo

Kila tunapokutana kuadhimisha Uhuru wa 9 Desemba, tunawakumbuka mashujaa wetu wa nyumbani. Mwaka huu naomba tumkumbuke pia shujaa wa hapa Marekani, ambaye maisha yake yanatufundisha kwamba uhuru bila udongo wenye afya haujakamilika.

George Washington Carver alizaliwa mtumwa katika jimbo la Missouri mnamo mwaka 1864 hivi. Akiwa mtoto mchanga, majambazi walimteka pamoja na mama yake. Mtoto alipatikana, mama hakuonekana tena. Alilelewa na Moses na Susan Carver, waliokuwa wakimmiliki mama yake. Kwa kuwa mwili wake ulikuwa dhaifu, alifanya kazi za nyumbani na kutunza bustani, na majirani walimjua kama daktari wa mimea.

Alitoka nyumbani akiwa bado mdogo kwenda kutafuta shule inayopokea watoto weusi. Alijisomesha kwa kupika na kufua nguo za watu. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali, lakini alipofika wakaona ni mweusi, wakamrudisha. Hakukata tamaa. Mwaka 1894 alipata shahada ya kwanza ya kilimo huko Iowa, na mwaka 1896 shahada ya pili.

Mwaka huohuo Booker T. Washington alimwita Tuskegee, Alabama, akafundishe. Alikuta ardhi imechoka. Pamba ilikuwa imelimwa mwaka hadi mwaka bila kubadilisha zao, na mvua ilikuwa imechimba makorongo. Watu weusi walikuwa huru tangu 1865, lakini wengi walilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Mavuno yakipungua, deni linaongezeka. Hawakuwa watumwa tena, ila deni liliwafunga palepale.

Sisi wauguzi tunafundishwa kupima kwanza, ndipo mgonjwa apewe dawa. Carver alifanya hivyo kwa ardhi. Alichunguza udongo na maji ya visima vya wakulima. Katika shamba la majaribio alijaribu mbolea na mazao tofauti, akalinganisha mavuno na kuyaandika. Mwaka 1905 alitoa kijitabu kuhusu kurudisha rutuba ya udongo uliochoka.

Tiba yake ilikuwa ya mtu maskini. Mbolea ya dukani ilikuwa ghali, hivyo aliwafundisha kukusanya majani ya msituni na tope la mabwawani kutengeneza mboji. Aliwaambia wabadilishane pamba na kunde, karanga na viazi vitamu. Mizizi ya kunde na karanga ina vinundu vyenye bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuirutubishia ardhi. Tena kunde hizo asili yake ni Afrika.

Kuanzia 1906, gari la kukokotwa na wanyama lilipeleka zana na mafunzo hadi vijijini kwa wakulima wasioweza kufika chuoni. Karanga zilipokosa soko, alibuni matumizi yake mengi. Wengi husema alivumbua siagi ya karanga, si kweli. Kazi yake kubwa ilikuwa udongo.

Alifariki tarehe 5 Januari 1943, bila mke wala mtoto. Akiba yake aliiachia taasisi ya utafiti aliyoianzisha. Amezikwa Tuskegee, kando ya Washington.

Miaka minne baadaye, mwaka 1947, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilileta mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Tanganyika. Walikuja na matrekta na mamilioni ya pauni, lakini udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Kiangazi kilipofika, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama tofali. Mwaka 1951 mpango ulifutwa. Zao ni lilelile la Carver. Tofauti ni kwamba yeye alianza na kupima.

Wengi wetu tunatuma fedha nyumbani kwa ajili ya shamba. Kabla ya kununua mbegu au mbolea, tuwaombe ndugu zetu wapeleke udongo ukapimwe. Kituo cha TARI Mlingano, Tanga, kinafanya kazi hiyo. Tumwulize na bwana shamba.

Nawatakia sikukuu njema ya Uhuru.