Maisha ya James Wilkinson na Hesabu Zisizolingana

Tuchukulie kuwa wafanyabiashara wawili wa mahindi, mmoja Kitale na mwingine Bungoma, wana madaftari yanayoruhusu tarakimu tatu pekee. Kila mmoja amepokea kilo 100, kisha nyongeza tatu za kilo 0.4. Wa Kitale huziongeza moja moja: 100.4 hufupishwa kuwa 100, na mara zote tatu hubaki palepale. Wa Bungoma hujumlisha nyongeza kwanza, hupata 1.2, kisha huandika 101. Hakuna aliyeiba, lakini mkulima wa Kitale amepunjwa zaidi ya kilo moja.

Tarakilishi nayo ina daftari finyu la namna hiyo. Aliyejitolea kulichunguza ni Mwingereza James Hardy Wilkinson, aliyezaliwa Strood, Kent, tarehe 27 Septemba 1919 na kusomea hisabati Cambridge. Mwaka 1946 alijiunga na Maabara ya Taifa ya Fizikia, Teddington, akawa msaidizi wa Alan Turing. Turing alipoondoka, Wilkinson na wenzake waliikamilisha tarakilishi ya Pilot ACE, iliyoanza kufanya kazi Mei 1950.

Wataalamu wengi wa zama hizo walihofia kwamba makosa ya kufupisha tarakimu yangerundikana na kuharibu hesabu ndefu. Hata hivyo, Wilkinson na wenzake walipofumbua milinganyo 18 kwa vikokotoo vya mezani, jibu lilitoka sahihi kupita matarajio. Kutokana na mshangao huo alijenga hoja yake kuu: jibu la mashine litazamwe kama jibu kamili la swali lililo jirani na lile lililoulizwa.

Lakini kuna maswali yasiyovumilia ujirani. Alichukua polinomia ambayo mizizi yake ni 1 hadi 20, akabadilisha kigawo -210 kwa chini ya sehemu moja ya milioni. Mizizi kumi ikageuka kuwa namba changamano.

Alichapisha kitabu kuhusu makosa hayo mwaka 1963, akatunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1970, akafariki tarehe 5 Oktoba 1986.

Sisi wanalugha twajua kuwa mpangilio wa maneno hubadili maana. Mkulima anayepewa hesabu mbili tofauti naye hana budi kuuliza namba zake zilijumlishwa kwa mpangilio upi, kabla ya kumwita yeyote mwizi.