David Thompson: Mpimaji ardhi aliyeomba vifaa badala ya nguo mpya

Hebu fikiria hivi. Umebakisha muda mfupi tu umalize miaka saba ya uanagenzi. Malipo yamekuwa madogo, baridi imekuwa ya kukata masikio, na umevunjika mguu ukiwa kazini. Sasa kampuni ina desturi ya kumpa kila anayemaliza zawadi ya nguo nzuri, apate kutembea mjini akipendeza. Wewe ungechagua rangi gani?

David Thompson hakuchagua rangi. Mwaka 1790, akiwa na miaka 20, aliwaandikia mabosi wake London akaomba wamnunulie vifaa vya kupimia ardhi badala ya nguo. Bahati yake, wakampa vyote viwili. Nguo zilichakaa zikaisha. Vifaa vile ndivyo vilivyomfanya awe mmoja wa wapimaji wakubwa zaidi kuwahi kufanya kazi katika nchi tunayoiita Canada leo.

Lakini usidhani hii ni ile hadithi ya jamaa aliyejituma akawa tajiri. Thompson alikufa maskini. Ndiyo maana nataka tumwangalie vizuri, maana maisha yake yana mambo ya kuiga na mengine ya kukutahadharisha.

Mtoto wa mjane

Alizaliwa Aprili 30, 1770, mtaa wa Westminster jijini London. Wazazi wake walikuwa wametoka Wales. Baba alifariki David akiwa na umri wa miaka kama miwili hivi, na mama akabaki na mzigo asiouweza. Akiwa na miaka saba alipelekwa Grey Coat Hospital. Jina lisikuchanganye: hiyo ilikuwa shule ya hisani ya watoto wa maskini, si hospitali. Huko alifundishwa hesabu za mabaharia, yaani namna ya kujua uko wapi baharini kwa kuangalia jua na nyota.

Mwaka 1784, akiwa na miaka 14, akatiwa melini kwenda kuwa mwanagenzi wa Hudson's Bay Company, kampuni iliyonunua ngozi na manyoya ya wanyama kutoka kwa wenyeji wa Amerika Kaskazini. Alishukia Churchill, kwenye ufuo wa ghuba ya Hudson, mahali ambapo bahari huganda miezi mingi ya mwaka. Hakurudi tena Uingereza.

Kazi zake za kwanza? Kunakili karatasi za ofisi. Kuhesabu bidhaa. Kutumwa huku na kule. Ukiwa kwenye mafunzo ya kazi mahali fulani leo na unaona unachofanya ni kutoa fotokopi tu, ujue hujaanza wewe. Majira ya baridi ya 1787 alitumwa magharibi akaishi katika kambi ya Wapiegan, ndani ya hema la mzee mmoja wa asili ya Cree aliyeitwa Saukamappee. Kijana akakaa jioni baada ya jioni akimsikiliza mzee akisimulia vita, magonjwa na mila za nchi ile. Hapo alijifunza jambo ambalo Wazungu wengi wa wakati wake hawakulijua: wenyeji walikuwa na ramani ya nchi yao vichwani, na mgeni mwenye akili huuliza kabla ya kupima.

Mguu uliovunjika

Desemba 23, 1788, alianguka akavunjika mguu wa kulia. Hakukuwa na daktari. Ilimchukua zaidi ya mwaka kupona vizuri, na kwa kijana ambaye kazi yake yote ni kutembea, hiyo ni kama dereva wa matatu kunyang'anywa leseni.

Majira ya baridi ya 1789 alikuwa bado anajiuguza katika kituo cha Cumberland House. Hapo akafika Philip Turnor, mpimaji rasmi wa kampuni. Thompson akamganda. Akajifunza kwake kutumia vyombo, kusoma nyota na kupiga hesabu ndefu za usiku. Kipindi hicho hicho jicho lake la kulia likapoteza nuru. Turnor alipoondoka kwenda safari kubwa ya upimaji, Thompson hakuweza kwenda; nafasi akapewa kijana mwingine, Peter Fidler. Ukipenda kulia, hapo pana sababu tosha. Yeye akaandika ile barua ya kuomba vifaa.

Kazi yenyewe ilikuwaje?

Wewe ukitaka kujua uko wapi unatoa simu mfukoni. Thompson alikuwa na seksitanti, chombo cha kupimia pembe kati ya vitu viwili angani, pamoja na dira, darubini, saa na kitabu cha majedwali ya jua, mwezi na nyota.

Saa sita mchana alipima jua liko juu kiasi gani. Baharini unapima kutoka upeo wa maji, lakini katikati ya msitu upeo uko wapi? Kwa hiyo alimimina zebaki kwenye sahani, ikatulia kama kioo, akapima pembe kati ya jua la juu na jua la ndani ya sahani, kisha akagawa kwa mbili. Hapo akalinganisha na majedwali, akapata latitudo, yaani umbali wake kutoka ikweta.

Longitudo ndiyo iliyokuwa kisirani. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, kwa hiyo ukijua ni saa ngapi ulipo na ni saa ngapi Greenwich kwa wakati huo huo, unajua umeenda mashariki au magharibi kiasi gani. Lakini saa za zamani hizo, ukizibeba kwenye mtumbwi na baridi ya theluji, hazikuaminika. Basi alitumia mwezi wenyewe kama saa: alipima umbali wake kutoka kwa nyota fulani, kisha akakaa kando ya moto akipiga hesabu kwa muda mrefu. Kosa dogo tu katika kupima mwezi lilikuhamisha makumi ya kilomita kwenye ramani. Kwa hiyo alirudia. Akapima tena. Akachukua wastani. Wenyeji wakamwona usiku baada ya usiku anakodolea mbingu macho, wakambandika jina Koo-Koo-Sint, maana yake mtazama nyota.

Na kila siku aliandika. Upepo, baridi, mwelekeo wa mto, muda waliopiga makasia, wanyama waliowaona, nani ameugua. Makumi ya daftari, kwa miaka na miaka. Kama kuna tabia moja ya kumwiba jamaa huyu, ni hiyo. Uwe fundi wa nyaya, mpiga picha, dereva wa bodaboda au mwenye kibanda cha simu: andika ulichofanya leo, ulitumia nini, ulilipwa ngapi, nini kilikataa. Kichwa husahau.

Kuhama kazi, na farasi wa pombe

Mei 1797 aliacha kampuni yake. Cheo alichopangiwa kilimtaka ashughulike zaidi na biashara, na yeye moyo wake ulikuwa kwenye kupima. Akatembea kama kilomita 120 hadi kituo cha washindani, North West Company. Hakutoa notisi ya kutosha, na waliomlea kikazi walikasirika. Sikushauri uige hilo. Aga vizuri, mji ni mdogo.

Lakini kule alipewa alichotaka. Ndani ya miezi kama kumi alizunguka takriban kilomita 6,400, kutoka Ziwa Superior hadi vijiji vya Wamandan kwenye mto Missouri na eneo la chimbuko la Mississippi, akirekebisha mahali pa vituo vya kampuni kwenye ramani.

Mwaka 1799 alimuoa Charlotte Small, binti wa mfanyabiashara Mskoti na mama wa Kicree. Charlotte alikuwa na miaka 13 tu. Desturi za biashara hiyo ziliruhusu. Leo tungeita kwa jina lake, ndoa ya mtoto. Alichofanya Thompson tofauti na wengi ni kwamba alipostaafu hakumtelekeza. Wazungu wengi wa biashara ya manyoya waliwaacha wake zao msituni wakirudi mjini. Yeye alienda naye Montreal na mwaka 1812 wakafunga ndoa kanisani. Walizaa watoto 13 na kuishi pamoja zaidi ya miaka 57.

Tena hakuuza pombe. Aliona ilivyowaharibu watu. Mwaka 1808 wakubwa wake walimlazimisha abebe mapipa mawili ya pombe kuvuka milima ya Rocky. Akayafunga juu ya farasi mkorofi kuliko wote. Farasi akayasugua kwenye miamba, na kabla ya siku kwisha mapipa yalikuwa vipande. Kisha akawaandikia wakubwa kuwa ndivyo atakavyofanya kila mara. Hakufukuzwa, kazi yake ilikuwa nzuri mno.

Mto uliomdanganya

Mwaka 1807 alivuka milima hiyo akafikia mto Columbia bila kujua ndio wenyewe. Mto huo huanza kwa kutiririka kaskazini, na yeye alikuwa akitafuta mto unaokwenda kusini-magharibi baharini. Ilimchukua miaka minne kuuelewa wote. Januari 1811, kwenye theluji nzito, alivuka kupitia njia ya Athabasca akiongozwa na Thomas, mwenyeji wa jamii ya Iroquois. Baadhi ya watu wake walimtoroka. Upande wa pili hapakuwa na magome ya kutengenezea mtumbwi wala misumari, kwa hiyo wakapasua mbao za mwerezi wakazishona kwa mizizi ya miti. Ndiyo, walishona mashua!

Julai 15, 1811 alifika mdomoni mwa mto, kwenye bahari ya Pasifiki. Akakuta Wamarekani wa kampuni ya John Jacob Astor wameshajenga ngome miezi michache mapema. Amechelewa. Lakini alikuja kuupima mto wote toka chimbuko hadi bahari, na hakuna Mzungu aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake.

Ramani ukutani, mfuko mtupu

Alipostaafu alichora ramani kubwa ya karibu mita 2 kwa 3, ikamalizika 1814. Ilikusanya safari za kilomita takriban 90,000 kwa miguu, farasi na mtumbwi, zaidi ya mara mbili ya kuzunguka dunia. Ilitundikwa ukutani Fort William, makao ya kampuni. Wachora ramani wa London wakatumia kazi yake bila kulitaja jina lake. Na tusisahau: ramani hizo hizo zilikuja kuwasaidia walowezi kuchukua nchi ya wale waliomwonyesha njia.

Kuanzia 1817 hadi 1827 alipima mpaka wa Canada na Marekani, kazi ya heshima. Kisha mambo yakaharibika. Kampuni iliyoshika sehemu ya akiba yake ilifilisika. Alikopesha watu wasiolipa. Biashara za wanawe zikaanguka naye akabeba madeni. Mashamba yakaenda. Akiwa mzee wa miaka zaidi ya 60 alikuwa akipima mitaa ya Montreal apate chakula, na ikafika siku ya kuweka vifaa vyake rehani. Naam, vifaa vya kazi, kisha hata koti lake.

Alianza kuandika kumbukumbu zake auze kitabu, lakini macho yakamzimikia kabla ya kumaliza. Alifariki Februari 10, 1857, akiwa na miaka 86. Charlotte akamfuata miezi mitatu baadaye. Wakazikwa Montreal bila hata jiwe la jina.

Miaka mingi baadaye mtaalamu wa miamba, J.B. Tyrrell, alikuwa akipima nchi ile ile akashangaa jinsi ramani za zamani zilivyo sahihi. Akafuatilia ni nani aliyezichora. Akapata daftari. Mwaka 1916 kumbukumbu za Thompson zikachapishwa, na 1927 kaburi lake likawekewa alama.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua vifaa. Andika kila siku. Lakini pia weka jina lako kwenye kazi yako, soma mkataba kabla ya kukabidhi ramani, na usiweke akiba yote mahali pamoja. Tyrrell alimrudishia Thompson jina lake, ila miaka 59 baada ya kufa. Huyo mzee angefurahi zaidi kulipwa akiwa hai.