Sir George Beatson: Tabibu aliyefungua njia ya kuusoma uvimbe wa saratani ya matiti

JINA la Sir George Thomas Beatson halisikiki sana katika vilima vya majanichai vya Kericho na Bomet, ingawa jiji alilofanyia kazi, Glasgow nchini Scotland, ndilo lililokuwa makao ya kampuni ya James Finlay iliyoingia Kericho mwaka 1925. Hata hivyo, mwanamke yeyote wa eneo hili anayeugua saratani ya matiti na ambaye kipande cha uvimbe wake kimepelekwa maabara anaguswa na kazi ya tabibu huyo. Swali la iwapo uvimbe unategemea homoni za mwili au la lilianza kupata uzito mikononi mwake, zaidi ya karne moja iliyopita.

Beatson alizaliwa mwaka 1848 mjini Trincomalee, kisiwani Ceylon, ambacho leo ni nchi ya Sri Lanka. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza. Kijana huyo alisoma Cambridge, kisha akajifunza udaktari Edinburgh na kuhitimu mwaka 1874. Alibahatika kufanya kazi chini ya Joseph Lister, mpasuaji aliyewafundisha madaktari wa ulimwengu kuua vijidudu kabla ya kupasua. Funzo hilo lilimjenga Beatson, kwani bila usafi huo upasuaji wa tumbo ulikuwa hatari kubwa mno kwa mgonjwa.

Muda mfupi baada ya kuhitimu, alipewa kazi ya kumtunza mgonjwa mmoja magharibi mwa Scotland. Kazi hiyo ilimwachia nafasi ya kutosha, naye akaitumia kuandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu jinsi maziwa yanavyotengenezwa mwilini. Katika uchunguzi huo alipata habari kwamba katika baadhi ya nchi wafugaji walikuwa na desturi ya kuziondoa ovari za ng'ombe baada ya kuzaa, ili aendelee kukamuliwa kwa muda mrefu zaidi.

Mfugaji wa Sotik au Bureti atalielewa jambo hili upesi. Anajua kuwa ng'ombe anapokaribia kuzaa maziwa hukauka, na kwamba hali ya kizazi na hali ya kiwele haziachani. Beatson aliona kuwa hapo palikuwa na siri kubwa: kiungo kimoja cha mwili kinatawala kingine kilicho mbali nacho, bila kuonekana kwa mishipa ya fahamu inayoviunganisha. Wakati huo neno homoni lilikuwa bado halijabuniwa. Tena alitambua kwamba chembechembe za titi linalonyonyesha huongezeka kwa namna inayofanana na mwanzo wa saratani. Akajiuliza iwapo ovari huenda zina mkono katika ugonjwa huo.

Wazo hilo lilikaa naye kwa karibu miaka 20. Alihamia Glasgow, akawa mpasuaji, na katika miaka ya 1890 akashika uongozi wa Hospitali ya Saratani ya jiji hilo. Mwaka 1895 aliletewa mama mwenye umri wa miaka 33 ambaye titi lake lilikuwa limekwisha kukatwa, lakini saratani ikarejea kifuani. Kwa elimu ya siku hizo, hapakuwa na tiba nyingine iliyobaki. Beatson alimweleza mgonjwa na mumewe kuhusu jaribio alilolikusudia, nao wakakubali. Mwezi Juni mwaka huo aliziondoa ovari zake.

Matokeo yaliwashangaza wenzake. Uvimbe ulianza kunywea, na miezi minane baadaye haukuonekana tena. Beatson aliwasilisha taarifa yake mbele ya madaktari wa Edinburgh mwaka 1896, na ikachapishwa mwaka huo huo katika jarida la Lancet. Mgonjwa aliishi karibu miaka minne baada ya upasuaji, kabla ya saratani kumrudia na kumuua.

Madaktari wengine walijaribu njia hiyo, na hapo ndipo fumbo lilipojitokeza. Mwaka 1900 mpasuaji wa London, Stanley Boyd, alikusanya habari za wagonjwa 54 waliofanyiwa upasuaji wa aina hiyo. Takriban theluthi moja tu ndio waliopata nafuu. Wengine wote walikuwa wamepasuliwa bure, wakapoteza uwezo wa kuzaa na kubebeshwa maumivu bila faida. Beatson mwenyewe hakuwa na namna ya kutambua mapema ni nani angepona kwa muda na nani asingepona. Kwa kukosa jibu la swali hilo, njia yake ilififia kwa miaka mingi.

Maisha yake hayakuishia katika chumba cha upasuaji. Alikuwa miongoni mwa waliolijenga shirika la St Andrew's Ambulance, lililoanzishwa Scotland mwaka 1882 kufundisha huduma ya kwanza na kuwasafirisha majeruhi. Aliitumikia pia Msalaba Mwekundu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuwahi kuoa. Alifariki dunia Februari 1933, akiwa na umri wa miaka 84, na baadaye hospitali aliyoiongoza ikapewa jina lake. Hadi leo kituo kikuu cha saratani cha Glasgow kinaitwa Beatson.

Fumbo la ile theluthi moja lilipata ufumbuzi baada ya yeye kuwa kaburini. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanasayansi Elwood Jensen wa Chicago, Marekani, aliitia homoni ya estrojeni alama ya mnururisho ili aone inakwenda wapi mwilini. Aligundua kuwa hushikwa na protini maalumu ndani ya chembechembe za baadhi ya viungo. Protini hizo ndizo vipokezi. Uvimbe wenye vipokezi hulishwa na homoni, hivyo ukinyimwa hunyong'onyea. Usio na vipokezi haujali homoni iwepo au isiwepo. Kufikia miaka ya 1970, iliwezekana kukipima kipande cha uvimbe na kujua mapema mgonjwa yupo upande gani. Wakati huo huo dawa ya tamoksifeni, inayoziba vipokezi hivyo, iliwaondolea wanawake wengi haja ya kukatwa ovari.

Leo kipande cha uvimbe huhifadhiwa katika dawa ya formalini, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba mno, kisha hutiwa kemikali zinazobadilisha rangi pale protini inayotafutwa ilipo. Mtaalamu huangalia kwa darubini na kuhesabu. Alama kuu zinazotafutwa ni tatu: kipokezi cha estrojeni, kipokezi cha projesteroni, na protini iitwayo HER2. Mwenye vipokezi vya homoni kwa kawaida ana matumaini zaidi katika miaka ya mwanzo, na hunufaika na vidonge vinavyotumiwa kwa miaka mitano au zaidi. Mwenye HER2 nyingi alikuwa katika hatari kubwa hadi dawa ya trastuzumabu ilipoidhinishwa mwaka 1998. Asiye na alama hata moja huhitaji tiba ya kemikali na uangalizi wa karibu, maana saratani yake hupenda kurejea mapema.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba saratani za wanawake wa Afrika kwa sehemu kubwa hazina vipokezi, na kwa hivyo vidonge vya homoni haviwafai. Utafiti uliokusanya sampuli kutoka hospitali mbalimbali za Kenya na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha picha tofauti. Takriban wagonjwa saba kati ya kila 10 walikuwa na kipokezi cha estrojeni, na mmoja kati ya watano hakuwa na alama yoyote kati ya hizo tatu.

Takwimu hizo zina uzito kwa familia za Kericho na Bomet. Mchumaji chai anayefika hospitali ya Tenwek, Longisa, Litein au Kericho akiwa na uvimbe kifuani hawezi kutibiwa kwa kukisia. Akipewa vidonge vya homoni ilhali uvimbe wake hauna vipokezi, atapoteza miezi ambayo hana. Akinyimwa vidonge hivyo ilhali anavyo vipokezi, atakosa dawa isiyo ghali inayoweza kumrefushia maisha. Hata namna sampuli inavyotunzwa ina maana: kipande kikicheleweshwa kutiwa katika formalini, vipokezi huharibika, na jibu laweza kusema havipo wakati vilikuwapo.

Ndiyo maana inampasa mgonjwa, au jamaa anayemsindikiza, amwulize daktari iwapo kipande kilichokatwa kitapimwa alama hizo tatu, jibu litatoka lini, na nakala ya karatasi hiyo ataipata wapi. Inafaa aitunze pamoja na stakabadhi zake nyingine, kwa sababu kila daktari atakayemhudumia baadaye ataihitaji. Beatson alikuwa na kisu, ujasiri na wazo lililotokana na ng'ombe wa maziwa, lakini hakuwa na karatasi hiyo. Kwa kuikosa, wagonjwa wawili kati ya watatu walipasuliwa bila kufaidika. Mwanamke wa leo hana sababu ya kurudishwa katika hali hiyo.