Maisha ya Edward Steere na Somo la Vitenzi vya Kujitendea

Mwalimu wa shule ya msingi katika mikoa ya Mbeya na Iringa huwakuta watoto wengi ambao lugha yao ya kwanza ni Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena. Kiswahili kwao ni lugha ya pili. Hali kama hiyo aliikabili Edward Steere katika shule ya Unguja, katika karne ya 19. Kwa hiyo tumeona yafaa wanachuo wayajue maisha yake.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akawa wakili, kisha akawa padri wa Kanisa la Kianglikana. Mwaka 1863 alifuatana na Askofu Tozer kuja Afrika, na mwaka 1864 wakahamia Unguja. Huko Sultani aliwakabidhi wavulana 5 waliokuwa wameokolewa katika jahazi la watumwa, nao wakawa wanafunzi wao wa kwanza. Ili awafundishe, Steere alilazimika kwanza kukaa na wenyeji na kusikiliza usemi wao. Krapf alikuwa amekwisha kutoa sarufi yake mwaka 1850, lakini aliifuata lahaja ya Mombasa. Steere alifuata usemi wa Unguja, akaandika hadithi kama alivyosimuliwa. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha hadithi hizo pamoja na kitabu cha sarufi, ambamo alieleza kazi ya viambishi vya kitenzi, vikiwamo -ta- ya wakati ujao na -ji- ya kujitendea.

Viambishi hivyo viwili vina utaratibu wake. Katika Kihispania, msemaji anayetaja tendo la kujifunika litakalofanyika baadaye husema: me taparé, te taparás, se tapará, nos taparemos, os taparéis, se taparán. Neno la kujitendea hubadilika kwa nafsi, na mwisho wa kitenzi hubadilika pia. Sisi husema: nitajifunika, utajifunika, atajifunika, tutajifunika, mtajifunika, watajifunika. Kinachobadilika ni kiambishi cha nafsi tu. -Ta-, -ji- na mzizi hubaki vilevile.

Wengi wetu tunapofundisha mara ya kwanza huandika orodha hiyo ubaoni, na darasa zima huikariri kwa sauti. Lakini mtoto wa Rungwe au Mufindi akiulizwa usiku wa leo atafanya nini baridi ikizidi, huenda akanyamaza. Ameshika orodha, hakushika lugha.

Tuanze basi na mazungumzo. Mwalimu amwulize mtoto atafanya nini baridi ikizidi, naye ajibu kwamba atajifunika blanketi. Kisha aulize juu ya mdogo wake, na mtoto aseme: nitamfunika. Hapo darasa litaona lenyewe kwamba -m- na -ji- hukaa mahali pamoja, baada ya -ta- na kabla ya mzizi. Baadaye waulizwe jinsi wanavyosema nyumbani, maana lugha zao ni ndugu za Kiswahili, nazo huweka kiambishi cha kujitendea kabla ya mzizi. Mwisho ndipo mwalimu aandike ubaoni, na kuongeza ukanushi: sitajifunika, hatutajifunika.

Steere alirudi Unguja mwaka 1872 baada ya kukaa Uingereza kwa muda. Mwaka 1873 soko la watumwa lilifungwa, na mahali pake, Mkunazini, akasimamia ujenzi wa kanisa kuu. Alifanywa askofu mwaka 1874. Aliendelea kutafsiri na kupiga chapa vitabu vya Kiswahili hadi alipofariki mwaka 1882, akazikwa katika kanisa hilo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ambacho ndicho tunachokifundisha leo.

Steere alifundisha lugha hii baada ya kujifunza kwa wenyeji wake. Nasi, kabla ya kuwasahihisha watoto, hatuna budi kuwasikiliza kwanza.