Jack Haggard, Ndugu wa Mwandishi

Nani hapa shuleni hajasikia habari za Mashimo ya Mfalme Sulemani? Aliyekitunga kitabu hicho ni Rider Haggard, Mwingereza, nacho kilitoka mwaka 1885. Lakini leo huyo simtaki sana. Namtaka kaka yake, Jack, maana ndiye aliyefika huku kwetu.

Jina lake kamili ni John George Haggard. Alizaliwa 1850, na Rider 1856. Walizaliwa watoto kumi nyumba moja! Jack hakuwa mtu wa kutulia kwao, akajitia baharini akawa ofisa wa manowari. Mwaka 1884 tunamkuta Lamu, naibu wa konsuli wa Kiingereza, mkubwa wake Sir John Kirk akiwa Unguja. Mwaka huohuo alikwenda Witu kwa Sultani Ahmed aliyeitwa Simba. Mji huo ulikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka mabwana zao. Ukipanda basi la Lamu kutoka Garsen, utapita hapo hapo Witu.

Jack akawa anawaandikia barua jamaa zake Uingereza. Basi mwaka 1887 Rider akatoa kitabu kingine, Allan Quatermain. Ndani yake wazungu watatu wanashuka Lamu, wanakaribishwa na konsuli (ambaye hatajwi jina!), kisha wanapanda mto Tana kwa mitumbwi mpaka kwenye misheni, na njiani Wamasai wanawashambulia. Ati ukiwa kwenye misheni hiyo unauona mlima Kenya na theluji yake. Sisi wa Garsen tunacheka tu, kwani hapa hata kilima ni taabu kukipata. Rider alipokuwa akiandika hayo, mto Tana alikuwa hajautia machoni.

Jack aliondoka Lamu akapelekwa nchi nyingine, Madagaska ikiwa mojawapo, na kila mahali kazi ni ile ile ya ukonsuli. Alifariki 1908. Nduguye akapewa cheo cha Sir, akaishi mpaka 1925, na vitabu vyake vinasomwa hata leo.

Kuna jambo moja limenikaa moyoni. Kitabu kilikuwa kimeshaandikwa lakini bado hakijatoka, ndipo Wamasai wakavamia kweli misheni ya Golbanti, upande wa chini wa mto, si mbali na hapa. Ilikuwa mwaka 1886. Bwana Houghton na mkewe waliuawa. Rider alipopata habari akaongeza maelezo mafupi chini ya ukurasa kwamba haya yametokea kweli, na akawataja wazungu hao wawili kwa jina. Lakini siku ile walikufa pia Waorma waliokuwa pale misheni. Nimeusoma ukurasa ule mara mbili nikiwatafuta. Hawamo.