Mzee Muhammad Kijuma wa Lamu, Mnakili wa Vitabu

Ndugu wanachama, na vijana wetu mlioko madarasani sasa, Mhariri ametaka nafasi hii itumike kusimulia maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Nimemchagua mtu ambaye hakuwa wa Mbinga wala wa pwani ya Ziwa Nyasa. Hakuwa chifu, hakuwa mpigania uhuru, na kazi iliyompatia jina ilikuwa kunakili vitabu kwa kalamu. Ni Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu, ambaye wengine humwandika Kijumwa. Yeyote aliyepata kusoma Utenzi wa Fumo Liyongo, uliochapwa Dar es Salaam mwaka 1973, amesoma kazi yake, maana ndiye aliyeutunga mwaka 1913 kwa kufuata masimulizi ya kale ya shujaa yule.

Kijuma alizaliwa Lamu karibu na mwaka 1855, wakati mji ule ulipokuwa chini ya Sultani wa Unguja. Aliishi miaka tisini hivi, akawaona Wajerumani wakiingia Witu mwaka 1885 na kutoka mwaka 1890, kisha akawaona Waingereza wakishika nchi yote. Alikuwa fundi wa mambo mengi: mchonga nakshi za mbao, mtunga mashairi, mpiga muziki, hodari wa ngoma. Mtu wa namna hiyo katika mji wa masharifu na wanavyuoni hawezi kukosa maneno ya watu, na yeye hakuyakosa. Lakini mwandiko wake wa hati za Kiarabu ulikuwa mzuri kiasi kwamba hata wasiompenda walimkubali.

Hapana budi nieleze vitabu vyenyewe vilikuwa vya namna gani. Kwa karne kadhaa Waswahili wa Lamu, Pate na Siu waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu. Vingi vilikuwa vya dini: Hamziya, ambayo ni sifa za Mtume; Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayomkumbusha mtu kaburi lake kwa kumwonyesha magofu ya Pate; na utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858. Vilikaa majumbani, katika masanduku na zidaka, vikatolewa kusomwa mbele ya watu, kisha vikarudishwa.

Pwani ni adui wa karatasi. Hewa ina unyevu na chumvi, mchwa hawalali, na nyumba za makuti huwaka moto. Mwenye kitabu akifa, warithi hugawana, na asiyejua kusoma hupewa fungu lake kama mwenzake. Kwa hiyo kitabu hakikudumu kwa sababu kilifungiwa vizuri. Kilidumu kwa sababu mtu mwingine alikinakili kabla hakijaoza. Sisi wa Umatengo tunalielewa jambo hili bila kuambiwa mara mbili. Mashimo ya ngoro yaliyoko kwenye miteremko yetu ni kazi ya mababu, lakini hakuna shimo hata moja kati ya hayo lililochimbwa na babu. Yapo kwa kuwa kila baada ya muda watu hulaza majani, wakafukia na kuchimba upya.

Mwanzoni mwa karne iliyopita walianza kufika Lamu Wazungu waliotaka kuvijua vitabu hivyo. Bibi Alice Werner, mtaalamu wa lugha za Kiafrika, alitembea pwani ya Afrika ya Mashariki kati ya mwaka 1911 na 1913, na baadaye akafundisha London. William Hichens, aliyepata kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandikiana barua na Kijuma kutoka Uingereza. Ernst Dammann, Mjerumani, alifika Lamu mwaka 1936 pamoja na mkewe. Wote watatu waliegemea mkono wa Kijuma. Alitafuta tenzi kwa wenyewe, akazinakili, akazituma kwa meli. Naye aliandika kwa kumfikiria msomaji mgeni: irabu zote zimetiwa na beti zimetenganishwa, maana hati za Kiarabu za Kiswahili cha zamani zilimwachia msomaji kazi ya kukisia, kama ni p au b, kama ni e au i, na mgeni hawezi kukisia.

Matunda yake yalionekana upesi. Mwaka 1934 Werner na Hichens walichapisha utenzi wa Mwana Kupona. Mwaka 1939 Hichens akachapisha Al-Inkishafi. Mwaka 1940 Dammann akatoa Hamburg kitabu kikubwa cha tenzi za Kiamu.

Kijuma alilipwa kwa kazi hiyo, na malipo yakichelewa alidai. Wako wanaomlaumu mpaka leo kwamba aliuza mali ya mji, tena mali ya dini, kwa watu wasio wa dini hiyo. Hata enzi za uhai wake alitazamwa kwa jicho la shaka kwa sababu ya urafiki wake na wamisionari wa Kijerumani. Mimi siafiki lawama hiyo. Mnakili ni fundi, na fundi hula kwa ufundi wake. Hatujamsikia mtu akimlaumu seremala wa mlango wa msikiti kwa kupokea ujira. Tena alichokituma mara nyingi kilikuwa nakala aliyoiandika upya, si kile kitabu cha mwenyewe. Lakini swali la pili ni gumu zaidi: kwa nini nakala zilizo bora zilikwenda kukaa London na Hamburg?

Hebu tutazame India, ambako mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Vitabu vitakatifu vya Wahindu viliandikwa kwa karne nyingi juu ya majani makavu ya mti wa jamii ya mvumo, na majani hayo huoza na kuliwa na wadudu kama karatasi zetu, kwa hiyo nako ilibidi kunakili kizazi baada ya kizazi. Mwanachuoni mmoja wa huko, R. G. Bhandarkar, aliyezaliwa mwaka 1837, alikusanya miswada hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1917 ilifunguliwa mjini Pune taasisi ya utafiti yenye jina lake, naye akaipa maktaba yake. Mwaka uliofuata serikali ikahamishia hapo miswada yake iliyokuwa katika chuo cha Deccan. Wataalamu wa taasisi hiyo walianza mwaka 1919 kulinganisha nakala za Mahabharata, neno kwa neno, wakamaliza mwaka 1966. Bhandarkar alikuwa na nyumba ya kuwekea vitabu katika mji wake. Kijuma alikuwa na mkono tu.

Hata hivyo nyumba peke yake haitoshi. Januari 2004 kundi la watu wenye hasira liliivamia taasisi ya Pune na kuharibu vitu vingi kwa ajili ya ugomvi juu ya kitabu kimoja cha historia. Maktaba ya Hamburg nayo, ambayo leo inahifadhi maandishi ya mkono wa Kijuma, iliteketea kwa mabomu mwaka 1943 ikapoteza vitabu laki kadhaa. Sisi tuliozoea masjala twajua kwamba jalada lenye nakala moja ni jalada linalongoja kupotea. Kijuma aliandika utenzi wa Mwana Kupona zaidi ya mara moja, kwa watu mbalimbali, na ukipotea huku ungebaki kule.

Huku kwetu kazi ilikuja baadaye. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu uliopatikana kwa juhudi za J. W. T. Allen, na orodha yake ilichapwa Leiden mwaka 1970. Katika miaka ya 2010 miswada ya Msikiti wa Riyadha, hapo hapo Lamu, ilipigwa picha kwa msaada wa Maktaba ya Taifa ya Uingereza, na vitabu vyenyewe vikabaki msikitini. Hivyo ndivyo ningependa ifanyike kwa daftari lolote la mzee wa Ukata, Litembo au Mbamba Bay lenye nyimbo, nasaba au mashauri ya ukoo: lipigwe picha, na lenyewe lirudi kwa mwenyewe.

Mzee Kijuma alifariki mwaka 1945. Nyingi ya kurasa zake zilizoko London zimewekwa kwenye intaneti, na mwanafunzi mwenye simu anaweza kuzitazama bila kulipa ada wala kuomba ruhusa. Wino ni mweusi, pengine na wa rangi nyingine katika vichwa vya maneno, mistari imenyooka, na mara nyingi mwishoni mwa utenzi ameandika jina lake na tarehe.